Mkandarasi Aliyekuwa Ndani ya Pipa

Je, msimamizi wa ujenzi anaruhusiwa kuwa mshenga wa mkandarasi wake?

Msicheke. Swali hilo lilininyima usingizi nilipokuwa na umri wenu. Mtu wa kawaida angelijibu kabla ya chai kupoa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi juzi juzi tu, nina cheti, rula ya kukunja, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na kichwa kisichoweza kupita mlangoni bila kujiuliza mlango ule ni jukumu la nani.

Ninyi mnaosomea ujenzi siku hizi mna mikataba minene kama matofali. Wetu ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, umepigwa taipu Mbeya, na chini yake dole gumba la jumbe. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza, na kazi yenyewe ilikuwa zahanati ndogo, vyumba viwili na kibaraza, kando ya njia ya kutoka Tunduma kwenda Mpemba. Majukumu yaligawanywa hivi. Wenyeji, kupitia jumbe wao, ndio wenye kazi: watoe tofali mbichi, udongo na maji. Serikali itoe mabati na milango. Mkandarasi ajenge. Na msimamizi, yaani mimi, asimame katikati. Maneno ya wenye kazi yapite kwangu yaende kwa mkandarasi, na ya mkandarasi yapite kwangu yarudi. Nisimwamuru kibarua. Nisishike kifaa, ila cha kupimia. Nisiegemee upande wowote.

Nililichukulia hilo la mwisho kwa uzito mkubwa. Mwezi wa kwanza sikuegemea hata ukuta.

Mkandarasi wetu alikuwa Fundi Simkonda, Mnyamwanga mrefu mwenye mikono kama mabeleshi, aliyejifunza uashi migodini ng'ambo, Rhodesia ya Kaskazini. Huko huko alimwoa binti mmoja wa Mpemba aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake, wakarudi wote. Wanawake wenyeji walioleta maji ya ujenzi walikuwa na kiongozi wao, Mama Nambeye, mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti iliyofika mahali kabla yake. Alitafsiriwa mkataba mara moja tu barazani akaushika wote kichwani. Na huyu Mama Nambeye ndiye aliyemzaa yule binti. Alikuwa mama mkwe wa fundi.

Sasa sikilizeni desturi, maana hapo ndipo kila kitu kiliposimama. Kwa watu wale, mkwe na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hawasemezani, hawapeani kitu mkononi. Inakwenda hivyo mpaka siku upande wa mume unapoleta kuku na jembe, mama mkwe anapika, mkwe anakula mbele yake, na aibu inakwisha. Simkonda alikuwa hajapikiwa. Mwenye haki ya kupeleka kuku alikuwa mjomba wake, na mjomba alikuwa bado migodini, hajulikani atarudi lini.

Kwa hiyo mkataba ulimtaka mama alete maji mpaka ukutani, ukamtaka fundi awe ukutani. Aliyeuandika hakuwahi kuwa mkwe wa mtu.

Siku ya kwanza ya kupanda jukwaa, Simkonda alikuwa juu akipiga mluzi, nami nimesimama chini na timazi yangu ya kupimia ukuta, mtu wa maana. Tukasikia wanawake wakiimba njiani. Nilimwona fundi, kisha sikumwona fundi. Nikasikia tu kitu kikitua kwenye shimo la udongo upande wa pili, kwa sauti ya nyati aliyekaa vibaya.

"Fundi! Umeanguka?"

"Sijaanguka," ilisema sauti kutoka shimoni. "Nimemheshimu mama."

Mama Nambeye akatua mtungi wake, akavuta kitambaa mpaka puani, akageukia kichaka cha matete kana kwamba kina habari muhimu.

"Bwana Msimamizi," alikiambia kile kichaka, "mwambie mtu aliye shimoni kwamba maji yamefika."

"Fundi, maji yamefika."

"Nimesikia," akasema Simkonda. "Mwambie mama namshukuru, ila udongo wa jana ulikuwa na mizizi."

"Mama, anashukuru, ila udongo wa jana..."

"Mizizi!" akafoka mama kabla sijamaliza. "Mwambie mizizi imeletwa na vibarua wake. Mimi nimeandikiwa maji."

"Fundi, mizizi imeletwa na..."

"Vibarua si wangu! Mwambie mama vibarua ni wa jumbe!"

Walikuwa wakisikiana vizuri kuliko mimi nilivyowasikia. Lakini nikikaa kimya, wote wawili walinyamaza wakaningoja, kama watu wanaongoja kuku atage. Nilikuwa nimesoma kwamba mawasiliano yote yapite kwa msimamizi, nami nikafikiri, kwa furaha ya kijinga, kwamba hakuna mradi katika Tanganyika nzima unaofuata utaratibu huo kama wangu.

Furaha hiyo ilidumu hadi nilipoutazama ukuta. Kuta tatu zilikuwa zinapanda vizuri. Ule wa nne, unaotazama njia ya kisimani, ulikuwa umebaki magotini. Simkonda hangeweza kusimama pale mchana kutwa aonekane na njia nzima. Wapita njia walianza kuuliza kama tunajenga zahanati au jukwaa la ngoma.

Hapa nitoke njiani kidogo, maana kuna jambo mnapaswa kulishika kabla hamjasahau. Hatari ya mkataba haiko kwenye yaliyoandikwa. Iko kwenye kile kitu ambacho kila mtu anadhani ni cha mwenzake. Miaka mingi baadaye nilikuta ghala kule Ikinga, linajengwa na mwashi mmoja na seremala mmoja, kila mmoja na mkataba wake. Wa mwashi ulisema kuta nne. Wa seremala ulisema mlango. Tundu la mlango halikuwa la mtu. Mwashi akajenga kuta nne, nzuri, zimenyooka, na alipopiga tofali la mwisho akagundua kwamba yuko ndani. Tulimpelekea ugali kwa kamba huku seremala akisisitiza kwamba yeye kazi yake ni mbao. Tangu siku hiyo, mkinipa mkataba wowote, natafuta kwanza tundu la mlango. Fanyeni hivyo hivyo. Na tofali mbichi lijaribuni kwa kuliangusha toka kiunoni: likipasuka vipande viwili linafaa, likiwa unga mrudishie aliyelifyatua. Haya, turudi.

Nilijaribu ratiba. Maji yaje asubuhi, fundi aje yakishafika. Mama Nambeye alikubali, kisha akaanza kuja mapema zaidi ili asichelewe, na tena mchana kuangalia kama yale ya asubuhi yametosha. Nilijaribu kengele: kipande cha chuma kimefungwa mtini, mama akikaribia akigonge. Simkonda alipozoea kukisikia, akawa anaruka hata mbuzi wa jumbe wakijikuna pale mtini. Nilipendekeza uzio wa matete kati ya njia na ukuta. Jumbe akauliza matete yameandikwa kwa nani. Fundi akasema si kwake. Mama akasema yeye ni maji. Nikataka kwenda kuyakata mwenyewe, nikakumbuka sishiki kifaa, na panga ni kifaa.

"Basi Mama," nilimwambia siku moja, nimechoka, "mpe mwanamke mwingine uongozi wa maji kwa muda. Wewe pumzika nyumbani."

Alinitazama kwa muda mrefu. Yeye na mimi tuliruhusiwa kutazamana.

"Mtoto wa Wanyiha," akasema, akinitaja kwa kabila langu, "unajua yule binti yangu nilimzalia wapi?"

"Sijui, Mama."

"Njiani. Nikienda misheni. Chini ya mvua, na wifi yangu akanishikia jani la mgomba kichwani kama mwavuli. Sasa binti yuleyule ana mimba. Hatazalia njiani. Maji ya nyumba hii nitayaleta mimi, na nitayaona yakimwagwa kwenye udongo kwa macho yangu. Hebu sogea, unakanyaga mtungi."

Nilipomwambia Simkonda naye apumzike, amwachie mwashi mwingine ukuta wa nne, alijibu kwa upole kwamba anayetarajia mtoto ni yeye pia, na ukuta huo hatamwachia mtu. Ndivyo ilivyokuwa, vijana wangu: watu wawili walioitaka nyumba moja kwa ajili ya mwanamke mmoja, na kwa sababu hiyo hiyo haijengeki.

Chuoni tulifundishwa kwamba mambo yakikwama, msimamizi aitishe mkutano wa pande zote papo hapo kwenye kazi. Nikauitisha. Ulikuwa uamuzi wa kitaalamu kabisa na sijawahi kuona mkutano mbaya kama ule. Bwana Shauri, yule Mwingereza kijana aliyekuwa akizunguka kukagua kazi za wilaya, alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa. Jumbe akakaa. Mama Nambeye akakaa, ametupa mgongo, kitambaa usoni.

"Mkandarasi yuko wapi?" akauliza Bwana Shauri, kwa Kiswahili chake cha kutafuna.

"Amehudhuria, bwana," nikasema.

"Simwoni."

"Yuko ndani ya pipa, bwana."

Pipa letu la kuwekea maji ya ujenzi lilikuwa tupu siku hiyo. Simkonda, kwa urefu wake wote, alikuwa amejikunja humo, na ili mkutano uwe halali alikuwa ametoa mkono mmoja juu.

Bwana Shauri aliutazama ule mkono. Ule mkono ukamsalimu.

"Kwa nini mkandarasi yuko ndani ya pipa?"

Nikaanza kueleza. Nilianzia kwenye kifungu cha majukumu ya wenye kazi, nikapita kwenye desturi ya ukwe, nikafika kwa mjomba aliye migodini, nikarudi kwenye kifungu. Kichwani mwangu hoja ilikuwa imenyooka. Jumbe alisinzia. Pipa likapiga chafya, Mama Nambeye akasema "Pole" kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo kwa aibu, maana alikuwa amemsemesha mkwe. Ikabidi mkutano usimame wanawake wamtulize.

Bwana Shauri akakunja kiti chake. "Nimeelewa jambo moja," akasema. "Kuta tatu. Mvua karibu. Nikirudi, nataka kuona kuta nne, na mkanda wa linta juu yake. Kama sioni, mabati yanakwenda Isongole. Isongole wana kuta nne."

Akaondoka. Kila mtu akanitazama mimi, hata pipa, ingawa halikuwa na macho.

Hapo ndipo Simkonda alipotoka, akajinyoosha mgongo, akanivuta pembeni.

"Msimamizi wangu, wewe una kichwa. Sikiliza. Mjomba hayupo, lakini rafiki anaweza kusimama mahali pa ndugu. Wazee wameniambia inakubalika. Nenda wewe. Peleka kuku na jembe kwa niaba yangu, mama anipikie, tumalize."

"Mimi si rafiki yako, Fundi. Mimi ni msimamizi wako."

"Basi kuwa rafiki yangu kidogo tu. Mpaka kwenye linta."

Nikamwambia nitafikiri. Lilikuwa kosa, kwa sababu mimi nikisema nitafikiri, huwa nafikiri kweli. Nikiwa mshenga wa fundi, nimeegemea upande. Nikiegemea upande, ukuta ukipinda, nitasemaje umepinda? Nitakuwa nimepinda mimi kwanza. Mwalimu wetu wa mikataba alikuwa amesema msimamizi asile hata karanga za mkandarasi, nami nilikuwa nimezikataa karanga za Simkonda mara nyingi, huku tumbo likinilaumu. Sasa ningekula kuku mzima? Au kuku angehesabiwa kuwa wa mama, na mama yuko upande wa wenye kazi, kwa hiyo nitakuwa nimekula pande zote mbili kwa usawa? Na nikifukuzwa, baba yangu aliyeuza kahawa ya Mbozi ili nisome atawaambiaje majirani? Kwamba mwanawe amefukuzwa serikalini kwa sababu ya mapishi? Niligeuka kitandani mpaka mwenye nyumba wangu akaniuliza kama nina kunguni.

Siku zikapita. Ukuta wa nne ukabaki magotini. Nikawa mwembamba.

Kisha, alasiri moja, mvua ya kwanza ikaja bila kubisha hodi. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ile ya kuonja. Lakini tofali mbichi haliulizi mvua ni kubwa au ndogo, linaanza kulainika tu, hivyo tukakimbilia majani makavu ya kufunikia kuta. Mama Nambeye alikuwa ametoka kisimani, akaudaka ukuta mrefu wa nyuma upande wa nje. Simkonda alikuwa ndani, akaudaka ukuta uleule upande wa ndani. Kila mmoja akafunika upande wake kwa bidii. Ila juu, pale kileleni, hakuna aliyepafunika, kwa sababu mikono yao ingegusana.

"Bwana Msimamizi!" akaita mama. "Mwambie apandishe majani juu!"

"Fundi, pandisha..."

"Mwambie mama apandishe yeye kwanza, aondoe mkono, nami nitapandisha!"

"Mama, wewe kwanza, kisha..."

"Mwambie..."

Na wakati natafuta nani aanze, nikaiona safu ya juu ya tofali ikigeuka uji mbele ya macho yangu, ikiteremka taratibu, upande wa mama kidogo na upande wa fundi kidogo, kwa usawa ambao mkataba wowote ungeufurahia. Nami nimesimama katikati kabisa, mahali pangu, mikono mitupu, sijaegemea upande, na ukuta unakufa.

Nilivua koti. Nikapanda kwenye jukwaa, nikalilaza koti juu ya ukuta, na juu ya koti nikajilaza mwenyewe kama kandambili iliyoanikwa, kichwa upande wa mama na miguu upande wa fundi, mpaka mvua ikaacha kuonja. Nilipoteremka, kaptula yangu ya kaki haikuweza tena kusimama yenyewe, wala mimi vizuri. Lakini sikufikiri tena. Nilikwenda moja kwa moja nilivyo, na tope langu, nikamnunua kuku wa mke wa jumbe.

Sawa, nilifikiri mara moja. Nilitaka kuchukua jembe pale kwenye kazi, nikakumbuka kwamba majembe yale yametolewa na wenyeji, na mama ni mwenyeji, kwa hiyo ningempelekea jembe lake mwenyewe kama zawadi. Kesho yake asubuhi nikaenda Tunduma dukani, tope lilelile limenikaukia mwilini, nikanunua jipya.

Mama Nambeye alikuwa amekaa uani kwake akipepeta ulezi. Sikuingia kama nilivyozoea kuingia, na rula mkononi. Nilichuchumaa mlangoni pa ua, nikaweka jembe chini, nikamweka kuku juu ya jembe, kuku akateremka, nikamweka tena, nikapiga makofi taratibu kama nilivyoona wakwe wakifanya.

Ungo ukasimama. "Umekuja kuhesabu mitungi?"

"Hapana, Mama."

"Umekuja kama nani, basi? Kama mtu wa serikali?"

"Nimekuja kama ndugu wa Simkonda," nikasema, na sauti yangu ikapanda ngazi katikati ya sentensi. "Mjomba wake yuko mbali. Mimi niko hapa. Tunaomba mumpikie mwanenu."

Alimtazama kuku. Kuku akateremka tena. Nikaanza kueleza kwamba huenda kwa utaratibu wa...

"Ukieleza nitabadili mawazo," akasema. Kisha akaita kuelekea ndani, kwa sauti iliyofika Mpemba nzima: "Wekeni chungu! Upande wa mume umefika! Wamemtuma Mnyiha, kachafuka kama nguruwe, lakini wamefika!"

Jioni ileile Simkonda alikaa kwenye mkeka, amevaa shati safi. Mkewe na shangazi zake walikuwa pembeni wakichekea vitambaani. Mama Nambeye aliweka ugali wa ulezi na kuku mbele yake, akaketi ng'ambo ya mkeka, akateremsha kitambaa usoni. Fundi akamega, akala. Wakatazamana kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

"Kumbe ni sura ya kawaida tu," akasema mama. Halafu, bila kupumua: "Ukuta wako wa nyuma umepinda."

Simkonda akameza tonge. "Haujapinda, mama. Maji yenu yana vyura."

Wakatazamana tena. Kisha, kwa mazoea, wote wawili wakanigeukia mimi, mama amenyoosha kidole kuelekea ukutani, fundi ameinua mkono wenye paja la kuku, wakingoja niwapelekee maneno yao.

"Semezaneni wenyewe," nikasema, nikalivuta bakuli karibu yangu.

Wakasemezana. Asubuhi wakaendelea ukutani, fundi juu, mama chini akimpa udongo mkononi na matusi ya heshima pamoja nao, na ukuta wa nne ukaondoka magotini. Bwana Shauri aliporudi alihesabu kuta nne na linta, akamtafuta mkandarasi kwanza kwenye pipa, ndipo akamwona juu ukutani. Mvua kubwa ilipofika, ilikuta mabati.